Swali la Asubuhi, Wodi ya Wanaume

Swali lenyewe lilikuwa fupi, na daktari aliliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye faili: "Mzee, umeshatoa hewa?" Muuguzi aliyefuatana naye, mama mmoja mnene aliyehamishiwa huku kikazi kutoka Kanda ya Ziwa, hakuwa na subira na lugha ya kuzungukazunguka. Aliinama karibu na sikio la mgonjwa akauliza kwa sauti ya kuuzia samaki sokoni: "Babu, umejamba?"

Babu huyo alikuwa baba mkwe wangu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, hatua moja kutoka kitandani, mtandio umenifunika nusu ya uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye aligeukia ukutani na kukaa kimya, na daktari akaandika kimya chake kwenye faili kama jibu, akahamia kitanda kingine.

Nimeuguza watu wengi. Nimemuuguza mama yangu mpaka akafa, nimewauguza wanangu kwa zamu, mmoja akipona mwingine analala. Lakini sijawahi kuchoka kama nilivyochoka wiki ile, na haukuwa uchovu wa kukosa usingizi peke yake. Nilichoka kunyamaza, jamani. Kunyamaza kunachosha kuliko kulima.

Ili nieleweke inabidi niseme mimi ni mtu wa wapi. Nimezaliwa ziwani, kijiji cha ufukweni si mbali na Mbamba Bay, na kwetu habari za tumbo ni habari za hadhara. Tulikunywa maji ya ziwa, tulioga ziwani, tuliosha vyombo ziwani, na ziwa likatulipa kwa kuhara, kwa minyoo na kwa kichocho. Vidonge vya kichocho tulipewa shuleni, tumepanga foleni, kila mmoja anasimamishwa kwenye ubao wenye alama apimwe urefu. Ukiwa mrefu unameza vingi. Kipindupindu kilipoingia, bwana afya alipita nyumba kwa nyumba na daftari akiuliza kila mtu ameenda choo mara ngapi. Bibi yangu alimjibu akiwa amesimama uwanjani, majirani wote wanasikia, na rangi akaitaja bila kuombwa. Hakuna aliyecheka, kwa sababu wote tulikuwa tunahesabu zetu.

Kisha nikaolewa mlimani, Maguu, kwa Wamatengo, watu wa kahawa na ngoro, yale mashimo yao ya kulimia mitelemkoni, watu wapole wanaoongea kwa kipimo. Wiki ya kwanza shangazi wa mume wangu alinikalisha jikoni akanipa masharti. Baba mkwe humtazami machoni. Hupiti mbele yake. Jina lake hulitaji hata ukiwa peke yako. Na mambo ya mwili, akasema akishusha sauti, chochote kilicho chini ya shingo, hakipiti kati yenu, si kutoka kwako kwenda kwake wala kutoka kwake kuja kwako. "Ukiwa na jambo naye, tafuta mtu wa kulipeleka."

Mtu huyo alikuwa mzee jirani, rafiki yake wa tangu ujana. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki nilipofika, na mume wangu ni fundi wa injini za boti, anashinda Mbamba Bay na kupanda nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na mimi, watoto, na baba mkwe katika nyumba yake ndogo ng'ambo ya uwanja. Miaka tisa tuliishi hivyo. Asubuhi napiga goti mbali kidogo na mlango wake, nasema "Shikamoo, baba," naye anajibu "Marahaba" akitazama migomba. Nikitaka kujua kama shati lake linahitaji kiraka, namwambia jirani, jirani anamuuliza, jirani ananirudishia jibu. Mimi ni fundi cherehani. Nilimshonea suruali kwa miaka yote hiyo bila kumpima kiuno hata siku moja. Nilipima kwa macho, naye akiwa amenipa mgongo.

Sasa, mwaka ule wa maradhi, msimu wa kuchuma kahawa, ilikuwa Alhamisi nilipoona sahani yake imerudi jikoni na chakula chake. Ijumaa ikarudi hivyo hivyo. Nikamtazama akivuka uwanja: anatembea ameinama upande, mkono wa kulia umebana chini ya mkanda, hatua za mtu aliyebeba mtungi. Nikamwita jirani.

"Muulize baba anaumwa nini."

Jirani akaenda, akarudi. "Anasema ni gesi tu."

"Gesi ya siku mbili?"

"Mama, mimi nimetumwa nijibu hivyo."

Basi kila mtu akawa mganga. Jirani alisema ni chango, akamchemshia mizizi michungu ya kusafisha tumbo. Wachumaji wetu walisema ni amiba, kwa sababu msimu wa kahawa watu wanakunywa maji popote wanapoyakuta, na kwa hakika nusu yao walikuwa na vidonge vya metro mifukoni, wanavimeza kama karanga. Mwingine akasema taifodi. Mwingine akasema vidonda vya tumbo, mpeni maziwa. Alimeza vyote, mzee wa watu. Na mimi niliyelelewa ufukweni, niliyejua kwamba tumbo lazima liulizwe maswali, linauma wapi, lilianzia wapi, umetapika, umepata choo, nilisimama mlangoni pa jikoni na maswali yangu yote mdomoni, nikayameza.

Jumapili baada ya misa ndugu zake walikuja kula sengu. Ndiyo desturi ya Wamatengo: wanaume wa ukoo mmoja wanakaa pamoja, kila nyumba inaleta chakula chake, wanakula na kuzungumza mambo ya ukoo, na mkubwa ndiye anayeanza kumega. Baba mkwe ndiye mkubwa. Alinawa, akamega tonge, akalizungusha kiganjani mpaka sengu likaisha, na hakuna aliyesema kitu. Mimi niliona kwa sababu mimi ndiye niliyeondoa vyombo: upande wake maharage hayakuguswa, na tonge lilikuwa chini ya mkeka, gumu kama udongo.

Jumatatu asubuhi akatoka nyumbani kwake amenyooka. Amenyooka kabisa, na kofia kichwani! Akamwambia jirani maumivu yamekatika ghafla alfajiri, mizizi imefanya kazi. Jirani akaja mbio kunipa habari njema, akajisifu mizizi yake, tukamshukuru Mungu wote. Mzee akaenda kwenye vichanja kugeuza kahawa. Mchana nilipompelekea uji, na kuuweka mbali kama ilivyo ada, nilimkuta amekaa chini, ameegemea nguzo ya kichanja, anatetemeka kwenye jua kali. Midomo imekauka. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika kahawa.

Siku hiyo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nilimgusa. Nilimshika bega nikapiga kelele watu waje.

Hospitalini daktari, kijana bado lakini mwenye macho ya mtu aliyekesha, aligusa lile tumbo kidogo tu akaondoa mkono. Lilikuwa gumu kama ubao. Aliuliza maumivu yalianza lini, yalianzia wapi. Mzee akatazama juu. Mimi nikatazama chini. Jirani, aliyekuja nasi kwenye gari la kukodi, akajibu anayoyajua, na alijua machache.

"Kidole tumbo," daktari aliniambia kule koridoni, baada ya kuona majibu ya vipimo. "Kilivimba tangu Alhamisi, na leo alfajiri kimepasuka. Ndiyo maana aliona nafuu. Kikipasuka, ule mkazo unaachia, mtu anafurahi saa chache. Halafu usaha unasambaa."

Nilimwambia tulidhani ni amiba, na dawa amekunywa.

Akauliza kazi yangu nikamtajia. Akafikiri kidogo. "Haya. Matumbo yako ndani ya bitana, nyembamba, laini, kama bitana ya koti. Amiba, minyoo, taifodi ikiwa bado changa, hivyo vyote ni uchafu ulio ndani ya bomba lake, na dawa ya kumeza au ya mshipa inaufuata humo humo. Ini likiota jipu, au mfuko wa nyongo ukivimba, ukiwahi, tunaweza kuhangaika na dawa, na pengine tukanyonya usaha kwa sindano. Lakini bomba likitoboka, iwe kwa kidole tumbo, iwe kwa taifodi iliyoachwa au kidonda cha tumbo, uchafu unamwagika kwenye bitana. Hapo kidonge hakifiki. Lazima nifungue, nioshe, nitoe kilichooza, ndipo dawa ziingie kwa mshipa siku nyingi. Na kwa umri wake sikuahidi kitu."

Nilitia saini fomu ya kukubali upasuaji mimi, mume wangu akiwa njiani anapanda kutoka Mbamba Bay. Palikuwa na nafasi ya kuandika uhusiano na mgonjwa. Nikaandika: mkwe.

Alitoka thieta akiwa hai. Ana mpira puani unaotoa maji ya kijani kwenye mfuko, mpira mwingine ubavuni, dripu mkononi, na mshono katikati ya tumbo kutoka juu ya kitovu mpaka chini. Mshono mzuri, nilitazama mara moja tu nikaona kazi safi. Amri ya daktari ilikuwa moja: asipewe kitu mdomoni, hata maji, mpaka atoe hewa. Utumbo uliolowa usaha unazimia, alisema, unalala. Ukiamka, unatoa hewa. Ndiyo dalili yake. Ukimlisha mtu kabla utumbo haujaamka, chakula hakina pa kwenda.

Ndipo lilipoanza lile swali.

Mume wangu alikaa siku mbili, akarudi ziwani kwa sababu injini ya watu ilikuwa imefunguliwa nusu. Wifi yangu, aliyeolewa Mapera, akaja na kapu kubwa na maagizo makubwa zaidi. Wifi ni mtu mwema, lakini akiingia mahali kila mtu anakuwa mkosefu. Mbona baba amelazwa karibu na mlango? Mbona shuka hili? Mbona hukumleta mapema? Hilo la mwisho alilirudia asubuhi, mchana na jioni, kama dozi. Na mimi ningesema nini? Kwamba niliona tangu Alhamisi nikaheshimu?

Muuguzi akaniagiza nitafute shati pana la kufunga mbele, ili kidonda kifikike. Nilimwacha wifi na mgonjwa, nikaenda sokoni kwa fundi mwenzangu, nikaazima cherehani yake kwa saa moja. Nilishona shati la shuka kuukuu, lenye jozi nne za kamba badala ya vifungo. Muuguzi wa kiume alipomvisha, nikaona kamba zinakutana vizuri na zinabakiza urefu wa kiganja. Kipimo changu cha macho hakijawahi kunidanganya.

Siku ya tatu asubuhi daktari akaja, na yule mama mnene nyuma yake.

"Mzee, umetoa hewa?"

Akatazama dari.

"Babu, umejamba? Sema tu. Humu ndani wote tunajamba."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Wifi akashika tama. Nikauona uso wa baba mkwe wangu, uso wa mtu ambaye kwa miaka yote nimemjua ananyoa kila Jumamosi na kuvaa kofia hata kwenda kisimani, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Siku tatu anaulizwa hivyo mbele ya mke wa mwanawe.

"Ndiyo," akasema.

"Umetoa?"

"Nimesema ndiyo."

Daktari akafurahi. Akaandika, akaamuru mpira wa puani utolewe, mgonjwa aanze uji mwepesi kidogo kidogo. Wakahamia kitanda kingine. Na baba mkwe wangu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alinitazama machoni. Mara moja tu, kisha akageukia ukutani.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuona kamba za shati. Hazikufika tena. Zile jozi mbili za katikati zilikuwa zimeachiwa wazi kwa sababu tumbo lilikuwa limepanda, na nguo iliyobakiza kiganja sasa ilipungukiwa vidole vinne. Tumbo lililotoa hewa halipandi. Nilijua anadanganya. Nilijua kama ninavyojua kwamba kitambaa hiki hakitoshi suruali.

Kusema kweli, nilipika uji ule. Nilikwenda jiko la wauguzaji nyuma ya wodi, nikakoroga, nikauchuja, nikaupoza. Njiani nilisimama mara mbili. Nilijiambia: mwambie muuguzi. Nikajijibu: wewe nani, mtoto wa kuja, umwite baba wa watu mwongo mbele ya binti yake na wodi nzima? Nikampa wifi kikombe, wifi akamnywesha. Alikunywa kwa sababu alikuwa na njaa, na kwa sababu angekataa angeulizwa tena. Saa nne akanywa kingine.

Mchana akatapika. Ule uji wote, na baada yake maji ya kijani, na baada yake yalikuwa kama ya kahawia, yananuka. Tumbo limekaa kama ngoma, anahema juu juu. Muuguzi akaja akaona godoro lilivyochafuka, akasema, "Nani kaniambia huyu kajamba?" Mpira ukarudishwa puani, na safari hii mzee alilia kwa sauti.

Daktari alikuja akavaa glovu, akaminya, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti akakaa, na daktari akikaa mjue kuna neno.

"Nisikilizeni vizuri. Kama alishatoa hewa na sasa tumbo limefunga tena, maana yake kuna kilichoharibika ndani. Labda utumbo umejisokota, labda panavuja. Nikichelewa anakufa, kwa hiyo nitamfungua leo hii. Lakini amechoka, na kufunguliwa mara ya pili kwa hali hii kunaweza kummaliza. Kama hakutoa, basi utumbo ulikuwa bado umelala, nasi tukaujaza uji kabla haujaamka. Hapo nitamwacha na mpira na dripu, nitarekebisha chumvi za damu, nitampima tena na tena, nisubiri." Akamgeukia. "Mzee, hakuna kosa hapa. Ulitoa hewa au hukutoa?"

Baba mkwe alikuwa amefumba macho. "Nimeshasema nilitoa."

Wifi akaanza kulia. "Basi mfungueni, daktari, mfungueni baba yangu."

Daktari akasimama.

"Hakutoa," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Daktari akageuka.

"Nini?"

"Hakutoa hewa. Amedanganya. Anaona aibu juu yangu mimi, mkwe wake, ndiyo maana kadanganya, na mimi nilijua asubuhi ile ile, nikakaa kimya, nikampikia uji." Nikaenda pale kitandani nikazishika zile kamba mbele ya watu wote, nikazivuta zisikutane. "Nilishona mimi shati hili. Juzi zilifunga. Leo asubuhi alipojibu ndiyo, zilikuwa zimepungua vidole vinne tayari. Mtu aliyejamba, tumbo lake linashuka, haliji juu!"

Ndiyo, nilisema neno hilo, kwa Kiswahili chake chote, mkono wangu uko juu ya tumbo la baba mkwe.

Wifi alinitazama kama nimemvua baba yake nguo. "Umemwaibisha baba," akasema polepole. "Mbele za watu. Mtu mgonjwa."

Daktari hakumsikiliza. Aligusa tumbo tena, akatazama kamba, akamwomba mzee athibitishe, na mzee hakufumbua macho wala mdomo. Daktari akafungua faili. "Nasubiri mpaka kesho asubuhi," akasema. "Muuguzi, kila saa moja nataka joto na mapigo."

Ule ndio uchovu ninaouzungumzia. Nilikaa kwenye ndoo yangu nikijua kwamba kama nimekosea, kama kamba zimenidanganya, nimemuua. Na kama sikukosea, bado nimemuua kwa namna nyingine, kwa sababu mtu yule hakuwa na mali kubwa, alikuwa na heshima yake tu. Wifi alihamisha kapu lake upande wa pili wa kitanda.

Asubuhi mfuko wa mpira ulikuwa umejaa na tumbo limelegea kidogo. Daktari akasema tusubiri tena. Siku iliyofuata, jua limeshatoka, wafagiaji wako kazini, ikasikika. Ndefu, kavu, haina kificho. Yule mama mnene aliacha sindano zake akapiga vigelegele, nakwambia, vigelegele vya harusi, na wagonjwa wakapiga makofi. Wifi alipiga magoti akasali. Nami nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia kwa kwikwi mpaka mtu akanipa pole akidhani nimefiwa.

Nilipoingia na uji siku hiyo, baba mkwe aligeukia ukutani. Wifi alipokichukua kikombe kile kile mkononi mwangu, mzee alikunywa.

Tulirudi nyumbani baada ya wiki mbili na ushei, baada ya dawa za mshipa kwisha na kidonda kukauka. Daktari alituonya: mtu aliyefunguliwa tumbo na kuoshwa usaha, matumbo yake hupona yakiwa na makovu, na makovu yanaweza kuushika utumbo siku yoyote. Tumbo likivimba, akitapika, asipotoa hewa, aje siku hiyo hiyo, asipewe mizizi wala metro. Alimweleza mzee, akamweleza wifi, akanieleza mimi. Sote tukaitika.

Kuanzia hapo baba mkwe hakusema nami. Asubuhi napiga goti, "Shikamoo, baba," na jibu haliji. Anatazama migomba. Maneno yote yalipitia kwa jirani, hata yale madogo, na jirani mwenyewe alikuwa anayaleta kwa haya. Mume wangu alipopanda kutoka ziwani aliniambia niombe radhi. Niliomba, kwa mtu wa katikati, kwa kuku, kwa kila ilivyo ada. Kuku alipokelewa. Marahaba haikurudi.

Miezi kumi na moja, jamani. Mtu anaweza kuzoea baridi ya Maguu, anaweza kuzoea kupanda mlima na ndoo kichwani, lakini kusalimia ukuta kila asubuhi kunakausha roho. Kuna siku nilifunga nguo zangu kwenye kitenge, nikawaza kushuka kwetu ziwani, nikae na watu wanaotaja mambo kwa majina yake. Nikafungua kitenge kwa sababu kulikuwa na sare za shule za kushona. Niliendelea kusalimia kwa ukaidi tu. Nilijiambia, asipojibu ni juu yake.

Kahawa ikaiva tena. Asubuhi moja ya Julai, ukungu bado uko bondeni, wachumaji wanane walikuwa jikoni kwangu wanakula kande kabla ya kwenda shambani, wanawake watupu, wanachekana. Ghafla wakanyamaza. Nikageuka na mwiko mkononi. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni.

Mzee hakuwahi kufika pale. Si kwa miezi ile kumi na moja, si kwa miaka kumi. Jirani hakuwa naye. Alikuwa peke yake, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, na mkono wa pili alikuwa ameshika kofia. Paji la uso lilikuwa na jasho. Alitazama wale wanawake, akatazama moto, kisha akanitazama mimi, machoni.

"Mkwe," akasema, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Tumbo limefunga. Sijajamba tangu jana asubuhi."

Mchumaji mmoja aliangusha kijiko. Hakuna aliyethubutu kukiokota.

"Umetapika?" nikauliza.

"Mara mbili. Maji ya kijani."

"Choo?"

"Hakuna. Linauma kwa kuja na kuondoka, hapa, kwenye mshono." Akafungua shati akanionyesha. "Sijala mizizi. Sijameza kidonge chochote. Nimekuja kwako kwanza."

Nikaweka mwiko chini. Sikujua nianze na lipi, kitambulisho chake, kitenge, mtu wa kukimbilia gari. Katika kuchanganyikiwa kule goti langu likashuka lenyewe pale pale kwenye majivu, na mdomo ukasema kile ulichozoea kusema kila asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu. "Haya inuka mwanangu, twende upesi, kabla aibu haijanirudia."